Makosa Kumi na Manne

Ukitaka kumjua Tofazzal Mondol, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya wasichana ya Dhulopara, ilitosha kusimama nje ya ua wake asubuhi na mapema. Kabla muuza maziwa hajapita, ungewasikia wasichana ishirini kwenye mkeka wakiimba kwa pumzi moja: kupatia 'with', kutunuku 'on', kuwasilisha 'to', kuzawadia 'with'. Hayo yalikuwa masomo yake ya ziada ya nyumbani, kundi likitoka jingine linaingia, na wimbo ulikuwa ni huohuo kwa makundi yote.

Waingereza, alipenda kusema, hawawezi kumpa mtu hata kipande cha ndimu kabla ya kukaa na kuamua kihusishi, kile kineno cha 'to' au 'with'. Sisi nyumbani mtu humpa mwenzake kitu, akaambiwa ahsante, yakaisha. Kwao kutoa ni kazi ya watu wenye akili. Mtihani wa bodi uliweka alama tano kwa vihusishi, na juu ya hizo alama tano Tofazzal alikuwa amejenga nyumba ya matofali, amemwoza binti yake Lipi, na amejipatia jina. Usoni aliitwa Sar, kama walimu wote. Kisogoni aliitwa Sar Vihusishi, naye alilijua hilo na lilimkaa vizuri.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa dharau. Ualimu ulikuwa wa kumtafutia wali tu. Mwalimu wa hesabu aliwahi kuandika barua ya kuomba ruhusa ya homa, Tofazzal akaikuta mezani, akaitia wino mwekundu mahali sita na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Mtu anatetemeka kitandani, barua yake inachekwa na darasa la sita. Mwaka mwingine alikuja Mwingereza wa mradi wa visima, akatamka sentensi mbili, na Tofazzal akamrekebisha ya pili mbele za watu. Yule Mwingereza alicheka na kuomba radhi. Tangu siku hiyo Tofazzal alikuwa na yakini kwamba lugha ile imebakiwa na mlinzi mmoja tu duniani, naye anakaa Dhulopara, nyuma ya soko la samaki.

Sasa, shule ile ilikuwa na desturi. Mwalimu akistaafu hupewa manpatra, yaani hati ya sifa, iliyochapwa kwa wino wa dhahabu na kutiwa fremu ya kioo. Husomwa jukwaani kwa sauti mbele ya wageni, kisha mwenyewe huenda kuitundika sebuleni, na akifa wanawe huiacha palepale. Shule nyingine huandika kwa Kibangla. Dhulopara, kwa majivuno ya mwalimu mkuu wake wa kwanza, iliandika kwa Kiingereza, na kwa miaka thelathini na minne mwandishi alikuwa mmoja. Hati ishirini na tatu zilitoka kwenye kalamu ya Tofazzal, zote mapacha: ewe unayeondoka, ulitupatia nuru ya elimu, ulitutunuku upendo wa baba. Mwalimu wa dini aliyelala darasani miaka kumi na tisa alisifiwa kwa kutoujua usingizi. Mwalimu wa jiografia, ambaye fimbo yake wasichana wanaiota mpaka leo, aliitwa bahari ya huruma. Hawakuelewa hata neno moja, na wote walilia jukwaani. Tofazzal alikaa safu ya mbele akifuta miwani ili watu wasione anavyocheka.

Majira ya baridi yale, zamu ikamfikia yeye. Na hapa lazima aumbuliwe: mtu huyu aliyezicheka hati ishirini na tatu aliitaka ya ishirini na nne kwa roho yake yote, na aliitaka itoke kwenye mkono wa mtu mwingine. Alitaka mtu, hata mmoja, akae chini, atafune ncha ya kalamu na ajiulize: huyu mzee alitupa nini? Hilo asingelikiri hata kwa kushikiwa kisu.

"Sar, zimebaki siku tisa," alisema mwalimu mkuu, Azmot Ullah, akihamisha tambuu kutoka shavu hili kwenda lile. Walikuwa katika chumba cha walimu, wakati wa mapumziko. "Turubai tayari. Afisa wa wilaya amekubali kuja. Biriani ya mbuzi nimeshaagiza. Imebaki manpatra tu."

"Naam," akasema Tofazzal, kama mtu asiyejali. "Nani anaandika?"

"Aa, Sar naye!" Azmot akacheka mpaka tambuu ikamtoka pembeni ya mdomo. "Nani mwingine? Si unaijua kwa moyo? Badilisha jina, maliza."

Chumba kizima kikacheka, mwalimu wa hesabu zaidi ya wote. Tofazzal akanywea. Hata mganga hajigangi, na hawa wanamtaka ajitibu mwenyewe na ajisifu kwa kupona. Alikuwa akitafuta neno la kuwachoma nalo pale sauti ilipotoka kwenye kona ya dirishani.

"Mimi nitaiandika, Sar."

Alikuwa Rehnuma, mwalimu mdogo wa Kiingereza aliyehamishiwa pale mwaka uliotangulia. Baba yake alikuwa akibeba mizigo ya watu kwa mkokoteni wa baiskeli, na yeye mwenyewe alikaa kwenye mkeka wa Tofazzal miaka miwili.

"Wewe?"

"Mimi, Sar."

"Wewe Rehnuma uliyesimama juu ya benchi wiki nzima kwa sababu ya kihusishi kimoja?"

"Siku nane, Sar. Ile ya nane ilikuwa adhabu ya kukujibu."

Watu wakacheka tena, na safari hii hawakumcheka Tofazzal. Moyo wake uliruka kama wa mtoto aliyeuona mwezi wa Idi. Uso wake, hata hivyo, ulikuwa umeshakakamaa kwa miaka mingi, haukujua njia nyingine.

"Haya," akasema. "Lakini uilete niione kwanza. Sitaki kuaibishwa mbele ya afisa wa wilaya."

Siku mbili baadaye aliileta: karatasi moja ya mistari, imeandikwa mbele na nyuma, kwa mwandiko uleule wa mviringo wa utotoni. Aliileta tena saa ya mapumziko, kwa sababu ndiyo saa pekee aliyokuwa huru, akainama na kusema kwa sauti ya chini: "Sar, ningeomba uisome ukiwa nyumbani."

"Makosa hayangoji mtu afike nyumbani," akasema Tofazzal, akachomoa kalamu nyekundu.

Mwalimu wa hesabu akasukuma kando sambusa yake. Azmot mwenyewe akaja kuegemea mlangoni. Wote walijua ngoma gani inataka kuchezwa, na kila mmoja wao alikuwa amewahi kuchezewa.

Kosa la kwanza alilikuta mstari wa pili. Alilipigia mstari, akaguna. La pili na la tatu aliyazungushia duara. Alipofika la nne akanyanyua karatasi juu, watu wote waione. "Kuwasilisha! Kuwasilisha huenda na nini? Jamani, huyu ndiye anayewafundisha watoto wenu."

"'To', Sar," Rehnuma alisema. Alikuwa amesimama, mikono mbele, kama enzi za mkekani.

"Sasa umeandika nini hapa? Baba yako alipokuwa akipeleka magunia ya watu, alikuwa anayapeleka kwa mtu au anayapeleka juu ya mtu?"

Azmot akakohoa. Hata yeye alihisi hiyo imevuka mpaka. Tofazzal hakuhisi kitu. Alikuwa ameshashuka mpaka aya ya tatu, ambako binti yule aliacha maneno makubwa na kuandika jambo la mwaka wa mtihani wake, siku fulani, Sar alimpatia kitu fulani. Palepale baada ya kupatia akaona 'to' imekaa kama mgeni asiyealikwa. Akaikata kwa nguvu hata karatasi ikachanika kidogo.

"Kupatia! Jamani, kupatia! Ndicho kile kile cha benchi!"

"Sar," Rehnuma akasema, "na yale niliyoyasema je?"

"Yepi?"

"Yaliyomo."

"Yaliyomo! Mtu anayesimamisha nyumba bila nguzo asinionyeshe mapazia." Akageuza karatasi, akakimbia upande wa nyuma, akahesabu kwa ncha ya kalamu, kisha akaandika tarakimu pale juu na kuizungushia duara. "Kumi na manne. Nenda kanakili mara kumi. Hati nitaiandika mwenyewe."

Rehnuma aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, akasema, "Nimeelewa, Sar." Kisha akaenda darasani kabla kengele haijalia. Mwalimu wa hesabu alimnong'oneza, "Pole, Apa," yaani dada, alipompita, naye hakugeuka.

Utauliza, kama aliitaka hati ile kiasi hicho, kwa nini aliichinja? Kwa sababu ndiyo kazi pekee aliyoijua, na kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Mpumbavu hahitaji sababu ya tatu.

Ijumaa, baada ya sala, alikaa barazani na karatasi safi. Mkewe Jobeda alikuwa chini kwenye kigoda, anachambua dengu kwenye ungo. Tofazzal aliandika ewe unayeondoka, ikatoka bila taabu. Aliandika ulitupatia, 'with' ikaja yenyewe na kukaa mahali pake. Baada ya hiyo 'with' kalamu ikasimama.

Alikaa. Akakata, akaandika upya, kalamu ikasimama palepale. Kwa wale ishirini na tatu hakuwahi kupata shida hapa, maana walikuwa wapumbavu na hakukuwa na haja ya kufikiri. Sasa alijaribu kufikiri, na alichoona ni safu za vichwa vilivyoinama na wino mwekundu. Alimkumbuka msichana mmoja aliyepata alama zote tano. Yule aliolewa mwezi uleule akapelekwa mbali, na hakuna aliyemsikia akitunuku kitu chochote kwa Kiingereza.

"Unasikia, baba Lipi? Chai inapoa."

"Jobeda, mimi nimewapa watu nini?"

"Watu gani?"

"Wanafunzi. Miaka yote hii."

Jobeda alitoa kijiwe kwenye dengu, akakitupa uani, akafikiri kwa haki kabisa. "Umewapa kazi za nyumbani," akasema.

"Nyamaza basi kama hujui!"

"Umeniuliza wewe."

Akaandika nuru ya elimu, kwa kuwa ilikuwa karibu. Alipoanza hakuona sababu ya kujibania: akajiita taa ya Dhulopara, mlezi wa vizazi, nahodha wa lugha, na kwa kumkasirikia Jobeda akaongeza baba wa maelfu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jioni ileile kilijitembeza hadi kwa mpiga chapa sokoni, na Tofazzal akasimama juu ya kichwa cha yule kijana mpaka kila nukta ikakaa.

Siku ya siku, afisa wa wilaya alichelewa saa mbili. Tofazzal alikaa jukwaani na shada la maua ya manjano shingoni, nyuki mmoja akimzunguka. Azmot alihutubia, mwenyekiti wa kamati akahutubia, mtu wa chama ambaye hakuna aliyemwalika akahutubia. Kisha Azmot akatangaza kwamba manpatra itasomwa na mwalimu Rehnuma, kwa sababu matamshi yake ni mazuri.

Alipanda na sari ya kijani, akaishika fremu kwa mikono miwili na kusoma. Alisoma vizuri mno. Hakuruka neno, hakuinua nyusi kwenye baba wa maelfu, hakulegeza sauti kwenye nahodha. Wasichana walipiga makofi katikati, kwa kuwa Azmot alinyanyua mkono kufukuza nzi wakadhani ndiyo ishara. Afisa wa wilaya alikuwa anaandika kitu kwenye simu yake.

Tofazzal alikuwa akingoja kulia. Mwalimu wa jiografia, mnyama yule, alilia hapahapa mpaka akaletewa maji. Kwa nini yeye asilie? Alikaza macho, akamfikiria mama yake marehemu, akajaribu kila njia. Kilichokuwa kikifanya kazi ni masikio peke yake, na yalikuwa yakikagua vihusishi. Vyote vilikuwa sawa. Akapewa mwavuli, msala, bakora na ile fremu, wakapigwa picha, na biriani ikaanza kuliwa kabla hajateremka jukwaani.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Jobeda aliipokea fremu kwa pindo la sari kama anapokea mtoto mchanga, akafuta kioo, akaiegemeza ukutani na kukaa mbele yake. Kiingereza hakukijua, lakini dhahabu aliiona.

"Nisomee," akasema.

"Inasema niliwapa nuru ya elimu."

"Alhamdulillahi. Nani anasema?"

"Shule."

"Shule ni matofali, baba Lipi. Nauliza mtu. Nani kasema?"

Tofazzal alivua viatu polepole, kimoja, halafu kingine. Jobeda hakuwa mwanamke wa kumkwaza mumewe, alitaka kujua tu, ili jirani wakija kesho awaeleze.

"Na yule Rehnuma je? Ulisema naye aliandika ya kwake. Mtoto wa watu alikuwa akija hapa kabla ya jua, namkumbuka, miguu mitupu, nilikuwa nampa mchele wa kukaanga na sukari. Yeye alisema ulimpa nini?"

Alifungua kinywa amjibu, maana karatasi ile alikuwa nayo kichwani nzima nzima. Mstari wa pili, wingi umeachwa. Wa tano, kuwasilisha. Nyuma, mstari wa tatu kutoka chini, nukta mahali pa mkato. Angeweza kuyataja makosa yote kumi na manne kwa mpangilio. Akaiendea aya ya tatu. Mwaka wa mtihani, siku fulani, Sar alinipatia, na hapo 'to', na hapo mchaniko wa kalamu. Baada ya mchaniko kulikuwa na neno. Aliliona lilivyokaa, refu kiasi, limeandikwa sawasawa bila herufi iliyopotea. Ndiyo sababu hakulisoma. Halikuwa na kosa.

Alijaribu upande mwingine, akautafuta mwaka wenyewe. Alikumbuka benchi. Alikumbuka siku nane. Alijipekua mwenyewe kama mtu anayepekua mifuko ya kanzu kuukuu, hakupata siku nyingine yoyote.

"Kitu," akasema mwishowe.

"Kitu gani?"

"Kitu fulani, Jobeda! Basi!"

Asubuhi yake alivaa na kwenda shuleni. Mlinzi wa getini, ambaye juzi tu alikuwa akikimbia kumpokea mwavuli, alimletea kiti cha wageni na kumweka chini ya ubao wa matangazo. Tofazzal akakaa. Alimsubiri Rehnuma amalize kipindi cha darasa la tisa, na alipomwona anatoka, na chaki vidoleni, akasimama. Maishani mwake hakuwahi kusimama kwa heshima ya mwalimu mdogo.

"Salamu alaikum, Sar. Umesahau kitu?"

"Ile karatasi yako. Unayo?"

"Ulisema ninakili mara kumi, Sar. Nilinakili. Kisha nikaona sina wa kumpa, mama akawashia jiko."

"Zote?"

"Pamoja na ya kwanza."

Wasichana walikuwa wakipita, wakimsalimu, wakienda zao. Tofazzal alishika mgongo wa kiti. Neno alilotaka kulisema lilikuwa jepesi, mtoto wa darasa la kwanza angelisema, na yeye akalizunguka.

"Aya ya tatu," akasema. "Uliandika kwamba mwaka wa mtihani wako nilikupa kitu. Ni kitu gani, mama?"

Hakuwahi kumwita mama, kama watu wa kule wanavyowaita mabinti zao. Rehnuma alimtazama. Macho yake yalilegea, midomo ikafunguka kidogo, na kwa kitambo hicho Tofazzal aliamini atapewa. Kisha akamwona anafunga mdomo na kuziweka sawa daftari kifuani.

"Ni 'with', Sar. Baada ya kupatia ni 'with'. Sitakosea tena."

"Sikukuuliza hilo."

"Najua, Sar."

Kengele ikalia. Rehnuma aliinama, akamgusa miguu kwa heshima kama apaswavyo mwanafunzi, akaenda darasani kwake. Tofazzal alikaa tena kwenye kiti cha wageni. Baada ya muda mlinzi alimletea chai na kumuuliza alikuwa anamngoja nani.